Beki wa Kawaida Aliyekuwa Mwalimu Mkubwa

SAFU YA MICHEZO



Katika kila kijiji chenye kiwanja cha mpira yuko kijana mmoja ambaye hupangwa beki wa kulia kwa sababu hakuna mahali pengine pa kumweka. Hana mbio nyingi. Hapigi chenga. Hafungi mabao. Watu hawaendi kiwanjani kumtazama yeye. Akiumia goti, timu hutafuta mwingine, na baada ya mwezi mmoja amesahauliwa.

Mwezi huu safu yetu inaeleza habari za beki wa namna hiyo. Jina lake ni Sven-Göran Eriksson. Waswidi hulitamka jina hilo la pili kama "Yoran". Alizaliwa Uswidi mwaka 1948, akafariki mwaka 2024. Hakuwahi kuichezea timu ya taifa lake. Hakuwahi kucheza katika ligi kuu ya nchi yake. Lakini alipokuwa kocha alishinda vikombe katika nchi tatu: Uswidi, Ureno na Italia. Tena alikuwa mtu wa kwanza kutoka nchi ya nje kuifundisha timu ya taifa ya Uingereza.

Yaliwezekanaje mambo hayo? Tuyaangalie hatua kwa hatua.

KIJANA WA TORSBY

Uswidi ni nchi ya kaskazini mwa Ulaya. Hapa Tanzania wengi wanaikumbuka kwa kuwa ilisaidia kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975. Ni nchi ya misitu na maziwa. Wakati wa baridi theluji hufunika viwanja, na mpira hauchezeki nje kwa miezi mingi.

Eriksson alikulia Torsby, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Norway. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Baba yake alikuwa kondakta wa basi. Mama yake alifanya kazi mbalimbali. Kijana alianza kuichezea timu ya watu wazima ya Torsby akiwa na umri wa miaka 16, katika madaraja ya chini. Alikuwa beki wa kulia. Baadaye alihamia timu ya Sifhälla, kisha timu ya Karlskoga.

Wakati huo huo hakuacha kusoma. Alisoma mambo ya uchumi, kisha akaenda mji wa Örebro kusomea elimu ya michezo. Akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo.

Huko Karlskoga alikutana na mtu aliyebadili maisha yake. Mtu huyo aliitwa Tord Grip. Grip alikuwa mchezaji na pia kocha wa timu hiyo. Aliona kwamba beki huyu hana miguu ya ajabu, lakini ana macho ya kuuona mchezo. Anajua kwa nini bao limeingia. Anaweza kulieleza jambo likaeleweka.

Mwaka 1975 Eriksson aliacha kucheza kwa sababu ya goti. Alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Kwa wachezaji wengi huo ndio mwisho wa habari. Lakini mwaka uliofuata Tord Grip, ambaye sasa alikuwa kocha wa timu ya Degerfors, alimwita awe msaidizi wake. Degerfors ni mji wa kiwanda cha chuma, na timu yake ilikuwa katika daraja la tatu. Grip alipochukuliwa kwenda kuisaidia timu ya taifa, Eriksson aliachiwa timu. Mwaka 1978 Degerfors ilipanda daraja.

KUULIZA SI UJINGA

Miaka hiyo palikuwa na ubishi mkubwa katika mpira wa Uswidi. Makocha wawili vijana kutoka Uingereza walikuwa wamekuja kufundisha huko. Mmoja ni Bob Houghton wa timu ya Malmö. Wa pili ni Roy Hodgson wa timu ya Halmstad. Walileta mtindo mpya, na timu zao zikawa bingwa. Mwaka 1979 Malmö ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, ikafungwa 1-0 na Nottingham Forest ya Uingereza.

Waswidi wengine waliukataa mtindo huo. Walisema unamfunga mchezaji kama mashine. Eriksson hakuukataa wala hakuupokea kwa kusikia tu. Alikwenda kuutazama. Alisafiri mpaka Uingereza kutazama mazoezi ya timu za huko. Katika timu ya Ipswich alipokewa vizuri na kocha Bobby Robson. Tena alijifunza kwa Willi Railo, mtaalamu wa Norway aliyechunguza mawazo na hofu za wanamichezo. Railo alifundisha kwamba mchezaji anayeogopa kukosea hukosea zaidi, kwa maana hathubutu kufanya hata lile analoliweza.

Hebu fikirini. Kocha wa timu ya daraja la tatu, asiyejulikana na mtu, anabisha hodi kwa walimu wakubwa na kuwaomba wamwonyeshe wanavyofanya kazi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

MTINDO WENYEWE NI UPI?

Tueleze kwa lugha nyepesi, ili hata timu ya kijiji iweze kuujaribu.

Ziko namna mbili za kulinda goli. Namna ya kwanza ni kukaba mtu kwa mtu. Kila beki hupewa adui mmoja na kumfuata kokote aendako. Ubaya wake ni kwamba adui akiwa mjanja humvuta beki mbali, na nyuma pakabaki wazi.

Namna ya pili ni kulinda eneo. Kila mchezaji hupewa sehemu yake ya kiwanja. Mabeki ni wanne katika mstari mmoja. Mbele yao wapo viungo wanne katika mstari wa pili. Washambuliaji ni wawili. Mpira ukienda kulia, mistari yote huhamia kulia. Mpira ukienda kushoto, yote huhamia kushoto. Beki wa kulia akitoka kumbana mwenye mpira, beki wa kati aliye karibu naye husogea kufunika pengo, na wengine husogea vivyo hivyo.

Wafikirieni wavuvi wanaovuta wavu. Wakivuta pamoja, samaki hana pa kupita. Mmoja akikimbia mbele peke yake au akizembea nyuma, wavu hulegea upande mmoja na samaki hutoroka. Ndivyo ilivyo mistari ya mabeki na viungo. Mtindo huu hautaki beki mwenye nguvu za simba. Unataka watu wanaotazamana, wanaoitana, na wanaosogea pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huenda sasa tunaelewa kwa nini beki wa kawaida aliupenda mtindo huo. Yeye mwenyewe hakuwa na mbio za kumkimbiza kila mshambuliaji. Alijua kuwa mchezaji wa kawaida akisimama mahali panapofaa, kwa wakati unaofaa, humshinda mwenye mbio aliyesimama mahali pasipofaa.

MAFUNDI WA GÖTEBORG

Mwaka 1979 timu kubwa ya IFK Göteborg ilimchukua Eriksson. Göteborg ni mji wa bandari, wa pili kwa ukubwa Uswidi. Kocha alikuwa na umri wa miaka 30 tu, naye hakuwa na jina. Wachezaji walimtilia shaka.

Mambo yalianza vibaya. Timu ilifungwa michezo mitatu ya kwanza. Eriksson hakuwatukana wachezaji, wala hakumtafuta mchawi. Aliwaita wachezaji akawaambia kuwa kama hawamtaki, yuko tayari kuondoka. Wachezaji walimwambia abaki. Mwaka huo huo walishinda Kombe la Uswidi, ambalo timu hiyo ilikuwa haijapata kulishinda tangu kuanzishwa.

Mazoezi yake yalikuwa ya kurudia-rudia. Mmoja wa wachezaji wake alieleza baadaye kuwa kocha aliwapanga uwanjani kama kete: wewe simama hapa, wewe nenda pale. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya wote wasogee kwa pamoja. Katika kulinda, sheria zilikuwa kali. Katika kushambulia, mchezaji aliachiwa uhuru wa kuonyesha ufundi wake.

Mwaka 1982 timu hiyo iliingia katika historia. Ilikuwa inashindania Kombe la UEFA, kombe la vilabu vya Ulaya. Klabu haikuwa na fedha za kutosha. Wachezaji wengi walikuwa na kazi nyingine za kila siku. Tord Holmgren, kwa mfano, alikuwa fundi bomba. Walizitoa timu za Ufini, Austria, Romania, Hispania na Ujerumani Magharibi. Fainali ikawa kati yao na Hamburg ya Ujerumani Magharibi, timu ya matajiri yenye wachezaji maarufu.

Mchezo wa kwanza ulichezwa Göteborg tarehe 5 Mei, 1982. Göteborg ilishinda 1-0. Mfungaji alikuwa yule yule fundi bomba, Holmgren. Wengi walisema bao moja halitoshi, kwa maana Hamburg watalipiza kwao. Tarehe 19 Mei timu zilikutana Hamburg. Göteborg ilishinda tena, safari hii 3-0. Walicheza michezo 12 ya kombe hilo bila kufungwa hata mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya Uswidi kushinda kombe la Ulaya.

KUPANDA NA KUSHUKA

Baada ya hapo nchi nyingine zilimwita. Alikwenda Ureno kuifundisha Benfica. Katika misimu yake miwili ya kwanza, timu ilikuwa bingwa wa Ureno mara mbili, mwaka 1983 na mwaka 1984. Kisha alikwenda Italia, akazifundisha Roma na Fiorentina. Alirudi Benfica mwaka 1989, halafu akarudi tena Italia kufundisha Sampdoria na Lazio.

Msidhani kwamba kila siku ilikuwa sikukuu. Mwaka 1986 timu yake ya Roma ilikaribia kuwa bingwa wa Italia. Katika mchezo uliotangulia ule wa mwisho wa ligi, ilicheza nyumbani na Lecce, timu iliyokuwa imekwisha kushuka daraja. Watu walikuwa wamejiandaa kusherehekea. Lecce ilishinda 3-2, na ubingwa ukaenda kwa Juventus. Mwaka 1990 Benfica yake ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, ikafungwa 1-0 na Milan.

Eriksson alingoja miaka 14 tangu siku ile ya Lecce. Mwaka 1999 Lazio ilishinda Kombe la Washindi la Ulaya kwa kuifunga Mallorca ya Hispania 2-1. Mwaka 2000, siku ya mwisho ya ligi, Lazio ilishinda mchezo wake. Juventus nayo ilifungwa 1-0 na Perugia katika uwanja uliojaa maji ya mvua. Lazio ikawa bingwa wa Italia, kwa mara ya pili tu katika maisha yake. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1974.

MGENI KATIKA UINGEREZA

Mwaka 2001 Eriksson alianza kuifundisha timu ya taifa ya Uingereza. Waingereza ndio walioandika sheria za mpira wa sasa. Kwa hiyo baadhi yao waliona ni aibu kufundishwa na mtu wa nje. Magazeti yalimshambulia kabla hajaanza kazi. Lakini wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tarehe 1 Septemba, 2001, Uingereza ilicheza na Ujerumani mjini Munich. Wajerumani walipata bao la kwanza. Mchezo ulipokwisha, Uingereza ilikuwa imeshinda 5-1. Michael Owen alifunga mabao matatu peke yake. Tangu siku hiyo kelele za kuwa yeye ni mgeni zilipungua.

Hata hivyo, hakuleta kombe. Mwaka 2002, katika Kombe la Dunia, Uingereza ilitolewa na Brazili katika robo fainali. Mwaka 2004, katika Kombe la Mataifa ya Ulaya, ilitolewa na Ureno katika robo fainali kwa penalti. Mwaka 2006, katika Kombe la Dunia, ilitolewa tena na Ureno, tena robo fainali, tena kwa penalti. Watu walisema kuwa kwa wachezaji wazuri aliokuwa nao alipaswa kufika mbali zaidi. Tena magazeti yaliandika sana mambo ya nyumbani kwake. Yeye alijibu kwa sauti ile ile ya chini, na asubuhi alikwenda kazini.

Baadaye alifundisha katika nchi nyingi, zikiwemo Meksiko, China na Ufilipino. Mwaka 2010 alikuja Afrika. Aliiongoza Ivory Coast katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Alikabidhiwa timu ikiwa imebaki miezi miwili na kitu tu. Kisha Didier Drogba, nahodha na mfungaji wake mkuu, aliumia mkono siku chache kabla ya mashindano. Ivory Coast ilitoka sare 0-0 na Ureno, ikafungwa 3-1 na Brazili, ikaifunga Korea ya Kaskazini 3-0. Haikuvuka kundi lake. Kocha mzuri hawezi kuijenga timu kwa wiki chache. Hata shamba lenye rutuba linataka msimu wake.

MWISHO WA SAFARI

Mwezi wa Januari 2024 Eriksson alitangaza kuwa ana saratani ya kongosho. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba, mambo yakienda vizuri, huenda akaishi mwaka mmoja tu. Hakujificha. Alieleza ugonjwa wake waziwazi, bila kulia mbele ya watu.

Tangu ujana wake yeye na baba yake waliipenda timu ya Liverpool ya Uingereza, naye alikuwa akitamani siku moja kuifundisha. Hakuwahi kuipata kazi hiyo. Viongozi wa Liverpool waliposikia, walimwalika. Tarehe 23 Machi, 2024, alikaa katika benchi la timu ya wachezaji wa zamani wa Liverpool, wakacheza na wachezaji wa zamani wa Ajax ya Uholanzi. Liverpool ilishinda 4-2. Maelfu ya watu walisimama wakamwimbia, naye akafuta machozi.

Alifariki nyumbani kwake Uswidi tarehe 26 Agosti, 2024, akiwa na umri wa miaka 76. Mazishi yalifanyika kanisani Torsby, mji ule ule mdogo alikoanza kucheza beki wa kulia. David Beckham, aliyekuwa nahodha wake katika timu ya Uingereza, alihudhuria. Tord Grip alihudhuria pia, mtu yule aliyemwona kwanza.

SISI TUPATE NINI HAPA?

Vijiji vyetu vina wachezaji wengi wazuri. Tunachokosa mara nyingi ni mwalimu wa mpira. Tukimtafuta, huwa tunamwangalia aliyekuwa akifunga mabao mengi ujanani. Huenda anafaa, huenda hafai. Kujua kufanya jambo na kujua kulifundisha ni mambo mawili.

Basi mwangalieni pia kijana wa nyuma ambaye hasifiwi. Je, anatazama mchezo wote? Je, anawapanga wenzake bila matusi? Je, anauliza kwa wanaojua? Je, timu ikifungwa, anatafuta sababu au anatafuta wa kumlaumu? Kama jibu ni zuri, mpeni filimbi na daftari. Mpeni mwaka mzima, si mchezo mmoja. Wachezaji wa Göteborg wangemfukuza kocha wao baada ya kufungwa mara tatu, wasingelipata kombe.

Na wewe kijana uliyeumia goti, au uliyeachwa nje ya timu, usiondoke kiwanjani. Kaa pembeni utazame. Andika katika daftari lako bao liliingiaje, na nani alikuwa amesimama wapi. Mwonyeshe mwenzako. Miguu huchoka mapema, lakini akili ikifundishwa hudumu miaka mingi. Tord Grip hakumchagua Eriksson kwa ajili ya miguu yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kukaba mtu kwa mtu na kulinda eneo? Chora mistari miwili ya wachezaji ardhini, uwaonyeshe wenzako.

2. Timu ya Göteborg ilipofungwa michezo mitatu ya kwanza, kocha alifanya nini? Je, timu yenu ingefanya nini?

3. Kwa nini mchezaji anayeogopa kukosea hukosea zaidi? Toeni mfano katika mpira, na mfano katika darasa la kusoma.

4. Katika kijiji chenu, ni nani anayeweza kuwa mwalimu mzuri wa mpira? Tajeni sababu.